Ovaloki ya Kushonea Nyumbani

Wasomaji wengi wa jarida letu wanajua kwamba mama yangu hushona sare za skuli hapa Kisiwa Panza. Tangu mwaka jana wanafunzi wenzangu, na hata wazee wao, wananiuliza swali moja: "Tununue ovaloki ya namna gani?" Nimeona bora niandike mara moja kuliko kusimamishwa njiani kila siku.

Kwanza yafaa tujue ovaloki ni kitu gani, maana wako wanaodhani kuwa ni cherehani kilicho bora zaidi. Sivyo. Cherehani cha kawaida huunga vitambaa kwa nyuzi mbili, mmoja wa sindano na mmoja wa bobini, lakini ukingo uliokatwa kwa mkasi hukiacha wazi. Kitambaa cha tetroni huachia nyuzi mojamoja kila kinapofuliwa, mpaka siku moja sketi inafumuka ubavuni na mtoto yuko darasani. Ovaloki hufanya kazi tatu kwa pamoja. Kisu chake hukata ukingo ulegeao, sindano hushona, na mikono miwili ya chuma iliyopinda, mmoja wa juu na mmoja wa chini, huzungusha nyuzi zake ukingoni mpaka zikaufunika. Kampuni ya Merrow ya Connecticut, Marekani, ilitengeneza mashine ya namna hii mwaka 1881 kwa ajili ya viwanda. Ndogo za nyumbani zilianza kutengenezwa Japani katika miaka ya 1960.

Lakini ovaloki haitii zipu, haitoboi tundu la kifungo, wala haiwezi kushona katikati ya kitambaa. Basi mwenye fedha za mashine moja tu asinunue ovaloki. Anunue cherehani chenye zigizaga, nacho kitamfungia kingo kwa kadiri ya kutosha.

Sisi tulianza kwa hasara. Ami yangu aliyeko Canada alituletea ovaloki ya umeme, nyepesi, ya nyuzi nne, nzuri kutazama. Kutoka Chokocho mama aliipakata ndani ya mashua kama mtoto, asiruhusu mtu kuigusa. Kufika nyumbani nikaichomeka mimi. Ikalia kwa sauti kali, ikatoa moshi, ikanyamaza. Umeme wa Canada ni volti 120, wa kwetu ni volti 230. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa katika kibao kidogo nyuma ya mashine, nami kusoma najua, ila sikukisoma. Mama hakunigombeza. Alikuwa amekwisha kupokea kianzio cha sare 40, na fedha zenyewe zimekwisha kununua kitambaa. Tulizifunga kingo zote kwa mkono, yeye na mimi, usiku baada ya usiku, na bado wateja wawili walichoka kungoja wakaenda kununua sare Mkoani.

Kwa hiyo jambo la kutazama kwanza ni kibao hicho. Mashine inayotumwa na jamaa walioko Oman haina shaka kubwa, kwani umeme wa kule ni volti 240. Ya Marekani au Canada yataka transfoma ya kushusha umeme, yenye wati nyingi kuliko za mashine yenyewe, na hiyo nayo hununuliwa kwa fedha.

Mama alipopata zamu yake ya upatu, fundi mmoja wa Chake Chake alituonyesha ovaloki ya aina nyingine: ya chuma, ya nyuzi tatu, iliyotengenezwa China, isiyo na mota ndani yake. Hufungwa juu ya meza, ikavutwa kwa mkanda na mota ya pembeni, au kwa miguu kama cherehani cha zamani. Umeme ukikatika, mkanda unahamishwa na kazi inaendelea. Mota ikiungua, hubadilishwa mota peke yake. Kwa watu wa kisiwani nadhani hili ndilo kubwa kuliko yote, maana kwetu sisi kwenda kwa fundi ni mashua na gari. Ila ni nzito, ina makelele, na yataka mafuta kila siku ya kazi. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma. Ukiiacha bila mafuta wala kifuniko utaikuta ina kutu. Na ukiisha kuitia mafuta shona kwanza kitambaa kibovu, usije ukalitia doa shati jeupe la watu.

Watu hubishana sana juu ya nyuzi tatu na nne. Ya nyuzi nne ina sindano mbili, na mshono wake waweza kuunga nguo peke yake. Anayeshona fulana na mitandio ya jezi inayovutika achague hiyo, tena yenye meno ya mbele na ya nyuma yanayoweza kutembea kwa kasi mbalimbali, ili kitambaa kisifanye mawimbi. Kwa sare za tetroni na poplini nyuzi tatu zatosha, kwa sababu mshono wenyewe umekwisha shonwa na cherehani. Nao uzi mmoja uliopungua si kitu kidogo, maana ovaloki hula uzi sana.

Siku ya kununua, nenda na vipande vyako mwenyewe, cha tetroni na cha jezi. Usiridhike muuzaji akikushonea kwa nyuzi alizokwisha kuzitia. Mwambie azichomoe zote, kisha uzitie wewe: kwanza mkono wa juu, pili mkono wa chini, mwisho sindano. Uzi wa mkono wa chini ukikatika, toa kwanza wa sindano ndipo uutie upya, ama sivyo utakatika tena na tena. Tazama nyuzi za juu na za chini zinakutana wapi. Zikutane ukingoni hasa. Uliza pia kisu cha akiba, na kama mashine yatumia sindano za cherehani cha kawaida, ambazo ni rahisi kupatikana.

Mama amekwisha kushona sare za muhula huu zote kwa mashine ya chuma. Ile ya ami iko juu ya kabati. Fundi anasema ikipatikana mota ya volti 230 huenda ikafufuka, na mama amesema siku hiyo nitasimama mbele yake nikisome kile kibao kwa sauti kabla haijachomekwa.