Programu huria: leseni ni bure, fundi je?

Wafanyabiashara wetu wengi, walioko nyumbani na walioko huku ughaibuni, ukifika wakati wa kulipia leseni za kompyuta za ofisini ndipo huanza kuulizia programu huria, yaani zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili na kuzibadilisha. Kwa nini tulipe, wanasema, ilhali Linux na LibreOffice ni bure? Wengine hawajapata kulipa hata senti moja: kompyuta zao zina nakala za wizi alizotia fundi wa mtaani, na virusi vikiingia hawana wa kumlilia.

Swali ni zuri, lakini leseni ni sehemu moja tu ya gharama.

Tuutazame mji wa Munich, Ujerumani. Mwaka 2003 baraza la mji liliamua kuzihamisha kompyuta zipatazo 14,000 kutoka Windows kwenda Linux. Jambo lilikuwa zito hata Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wa wakati huo, akakatiza likizo yake kwenda kumwona Meya Christian Ude. Meya hakugeuka. Hoja haikuwa fedha peke yake. Windows NT 4 waliyokuwa wakiitumia ilikuwa inaachwa na mwenyewe, na mji haukutaka kubaki mateka wa muuzaji mmoja.

Kazi ilichukua miaka kumi, hadi 2013. Kilichochelewesha hasa si Linux yenyewe. Ni fomu na barua za kiofisi, maelfu kwa maelfu, kila idara imetengeneza zake. Ni programu za kazi maalumu zisizokwenda ila kwenye Windows. Ni mafundi wa kila idara waliozoea kujiamulia. Mwaka 2014 akaja meya mwingine, malalamiko ya wafanyakazi yakapata msikilizaji, na 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Mwaka 2020 muungano mpya wa vyama ukaahidi tena kutanguliza programu huria! Mtu atasema hiyo ni siasa. Ni siasa kweli, lakini hata kampuni ya watu kumi ina siasa zake, na mhasibu asiyetaka kuachana na Excel aghlabu humshinda mkurugenzi.

Kwa hiyo sisi tungeanzia kusikoonekana: seva, hifadhi ya mafaili, tovuti. Huko Linux imezoeleka dunia nzima, na karani wa mapokezi hatajua kama kuna kilichobadilika. Kisha LibreOffice iwekwe kwenye Windows hiyo hiyo, watu waizoee kwa miezi kadhaa. Mhasibu awe wa mwisho, na kama programu yake inataka Windows, aachiwe, na leseni yake ilipwe kihalali.

Kuna na suala la mwenye programu kubadili nia. Desemba 2020 Red Hat ilitangaza kwamba CentOS 8, iliyokuwa ikiendesha seva nyingi bila malipo, itaachwa mwisho wa 2021, ilhali watu waliitarajia hadi 2029. Lakini kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, wengine waliuchukua wakatengeneza AlmaLinux na Rocky Linux. Kampuni zenye fundi zikahama. Zisizo na fundi zilibaki na seva isiyozibwa matundu, na hapo uhuru wa kwenye karatasi hauwasaidii kitu.

Mafundi tunao. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na leseni yake haikumlazimisha mtu kupiga magoti kwa kampuni ya ng'ambo. Vijana wanaoweza kazi hiyo wapo Dar, Nairobi na Unguja, ila mara nyingi huitwa mambo yameshaharibika, na malipo yao hucheleweshwa. Fedha iliyookolewa kwenye leseni iwalipe wao, kwa mkataba wa mwaka, wenye kutaja nani anahifadhi nakala za data, wapi, na kila baada ya siku ngapi.