Gari Jipya Halirithi Bima ya Lililokufa

Gari likiharibika hata kampuni ya bima ikaona halifai kutengenezwa, mwenye mkataba unaofidia gari lenyewe hulipwa, na mara nyingi mkataba huo huishia hapo. Wapo wanaodhani kwamba siku zilizosalia kwenye stika zitalifuata gari watakalonunua. Sivyo. Cheti cha bima hutaja nambari ya usajili. Stika iliyobanduliwa na kubandikwa kwenye kioo kingine haimkingi mtu.

Nchini Uganda, sheria ya mwaka 1989 inadai kila gari liwe na bima ya watu wengine. Kwa anayevuka Mutukula kuingia Tanzania, Kadi ya Njano ya COMESA nayo ni ya gari moja tu. (Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini imebaki katika mpango huu.) Kadi hiyo hukinga aliyegongwa ng’ambo, wala hailipii bodi ya gari lako. Ukimgonga mtembea kwa miguu pale Kyaka bila kadi halali, matibabu yake yaweza kukugharimu shamba.

Mwombe wakala akuhamishie ada iliyosalia. Baadhi ya kampuni hukubali. Lakini gari lisitoke kwa muuzaji kabla hujakabidhiwa cheti chenye nambari yake.