Matairi makubwa ya shangingi: Piga hesabu kabla ya kununua

WAFANYABIASHARA wanaokodisha magari ya kifahari ya njia mbovu, maarufu kama mashangingi, wanashauriwa kupiga hesabu kabla ya kuyavalisha matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani. Faida ipo, lakini gharama nyingine hazionekani dukani.

Chukua mfano wa Toyota Land Cruiser 200, iliyoingia sokoni mwaka 2007 na kurithiwa na Land Cruiser 300 mwaka 2021. Baadhi ya matoleo yake yalitoka kiwandani na matairi ya 285/60R18. Namba 285 ni upana wa tairi kwa milimita. 60 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 60 ya upana huo. Na 18 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi zima lina kipenyo cha milimita 799.

Wengi hupenda kupanda hadi 285/65R18 ya njia zote, yenye alama ya A/T ubavuni. Kipenyo chake ni milimita 828, ongezeko la karibu asilimia 3.6. Hata hivyo, gari haliinuki kwa milimita zote 29. Huinuka kwa nusu yake tu, takriban milimita 14, kwa kuwa nusu nyingine iko juu ya ekseli.

Hapo ndipo hasara huanza kuingia kimyakimya. Tairi kubwa huzunguka mara chache zaidi kwa kila kilometa. Mteja akisafiri kilometa 3,000 mbugani, mita iliyokuwa sahihi kwa matairi ya zamani itasoma takriban 2,897. Anayetoza kwa kilometa atakuwa ametoa kilometa 103 bure kwa safari moja. Aidha, muda wa kumwaga oili utapitiliza, na spidomita itaonyesha mwendo pungufu kuliko ilivyokuwa ikionyesha awali. Dawa ni kurekebisha mita, au kuweka kiwango hicho cha nyongeza ndani ya mkataba.

Gharama ya pili ni mafuta. Matairi ya A/T kwa kawaida ni mazito na meno yake ni makubwa, hivyo injini hutumia nguvu zaidi kuyazungusha na breki hufanya kazi zaidi kuyasimamisha.

Ya tatu ni idadi. Land Cruiser 200 huendesha magurudumu yote manne wakati wote. Tairi moja lenye kipenyo tofauti huzilazimisha difu kufanya kazi bila kupumzika na linaweza kuziharibu. Kwa hiyo spea nayo lazima iwe ya saizi hiyo hiyo. Bajeti ni ya matairi matano, si manne.

Mnunuzi asiangalie saizi peke yake. Namba ya uzito isishuke chini ya ile ya kiwandani: 116 humaanisha tairi moja hubeba kilo 1,250. Matairi yenye herufi LT yana ubavu mgumu unaofaa mawe makali, lakini huhitaji upepo mwingi zaidi kubeba mzigo ule ule. Tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT huonyesha umri; 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hii ni muhimu hasa kwa matairi ya mtumba, ambayo huweza kuwa na meno mazuri huku mpira umekwisha kukauka.

Kabla ya kulipa, tairi moja lifungwe mbele na usukani ukatwe hadi mwisho pande zote, ili kuona kama linagusa madigadi. Kampuni ya bima nayo ijulishwe mabadiliko hayo.

Kwa gari linaloshinda kwenye lami na kuingia vumbini mara chache, A/T ya saizi ile ile ya kiwandani hutoa sehemu kubwa ya faida inayotafutwa. Saizi kubwa imfae yule ambaye mawe na makorongo ndiyo kazi yake ya kila wiki.