Marekani: mwenye pikapu ya mazutu hakukosa, lakini ni yeye anaitwa garajini

Huko Marekani, wenye pikapu kubwa za mazutu wanaombwa warudishe gari kwa muuzaji. Injini haijavunjika, breki ni nzima, na gari linavuta mzigo kama kawaida. Kinachotakiwa kubadilishwa hakionekani kwa macho: ni programu ya kompyuta inayoongoza injini. Kazi hiyo hailipishwi. Hata hivyo kuna wenye magari wanaosita, na wasiwasi wao una sababu.

Magari yanayohusika ni Ram 2500 na Ram 3500 ya kati ya mwaka 2013 na 2019. Yana injini ya mazutu ya lita 6.7 iliyotengenezwa na kampuni Cummins, yenye makao makuu mjini Columbus, katika jimbo la Indiana. Hayo ni magari ya kazi. Mfugaji anavuta nayo trela ya ng'ombe, fundi wa nyumba anabeba nayo vyuma na mbao. Siku gari linalala garajini, kazi nayo imelala.

Jambo hili lilijulikana wazi mwezi wa 12 mwaka 2023, pale serkali ya Marekani na jimbo la California zilipotangaza mapatano na Cummins. Kampuni hiyo ilikubali kulipa faini ya dola bilioni 1 na milioni 675. Ndiyo faini isiyo ya jinai kubwa kuliko zote zilizowahi kutolewa chini ya sheria ya Marekani ya kulinda hewa. Ukijumlisha na gharama za kurekebisha magari, feza zinapita dola bilioni 2.

Kwa mjibu wa serkali hiyo, magari karibu 630,000 yaliwekewa programu iliyopunguza nguvu ya vifaa vya kusafisha moshi. Mengine karibu 330,000, ya miaka ya 2019 hadi 2023, yalikuwa na programu ambazo wakubwa wa mazingira hawakujulishwa. Cummins ilisema haikuona ushahidi wowote kwamba kuna mtu aliyetenda kwa nia mbaya, na haikukiri kosa.

Moshi usioonekana

Mkaaji wa Goma ama Bukavu amezoea kupima ubaya wa gari kwa moshi mweusi unaotoka nyuma ya lori likipanda mlima. Huko Marekani shida ni ya namna nyingine. Mazutu ikiungua kwenye joto kali, hewa ya naitrojeni na oksijeni zinaungana na kuzaa gesi zinazoitwa oksidi za naitrojeni. Gari linaweza kutoa gesi hizo kwa wingi bila moshi mweusi kuonekana. Zikikutana na jua, zinasaidia kutengeneza ozoni karibu na ardhi, na vumbi laini sana linaloingia ndani ya mapafu. Watoto na watu wenye pumu ndio wanaumia zaidi.

Ili kuzipunguza, magari haya yana tanki ndogo ya maji yenye urea. Maji hayo yanarushwa ndani ya bomba la moshi, na kwa msaada wa kifaa maalumu gesi hizo zinageuka kuwa naitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Kompyuta ya injini ndiyo inaamua ni maji kiasi gani yarushwe na wakati gani. Kwa hiyo aliyeandika programu ndiye anaamua hewa itakuwa safi ama chafu, na shofere hawezi kujua kitu.

Kwa nini wanasita

Mwenye gari alilinunua na nguvu fulani na matumizi fulani ya mafuta. Sasa anaambiwa programu itageuzwa. Anajiuliza: je, gari litakula mafuta zaidi? Litatumia urea nyingi? Litapoteza nguvu kwenye mlima? Na ikiwa halimpendezi kisha kazi kufanywa, atamlilia nani?

Kuna pia kumbukumbu za zamani. Vifaa vya kusafisha moshi vina bei kali vikiharibika, na kompyuta ikigundua kasoro inaweza kupunguza mwendo wa gari kwa nguvu. Malalamiko hayo yamekuwa mengi hadi mwezi wa 8 mwaka 2025, ofisi ya mazingira ya Marekani iliwaomba watengenezaji wabadilishe programu zao, ili gari lisipoteze nguvu kwa ghafla sababu ya kasoro ya mfumo wa urea.

Kinachouma zaidi ni feza. Mwaka 2016, kisha kashfa ya Volkswagen, wenye magari ya mazutu nchini Marekani waliweza kumrudishia mtengenezaji gari akalinunua, ama likarekebishwa, na walilipwa maelfu ya dola. Mwaka 2019, wenye Ram 1500 za mazutu, gari dogo kuliko hizi, walilipwa wastani wa dola 2,800 kila mmoja kwa kukubali programu mpya. Safari hii, mapatano ya serkali na Cummins hayakuweka malipo ya mkononi kwa mwenye gari. Anachopata ni programu mpya na garanti iliyoongezwa muda. Faini inaenda serkalini.

Njia ya mkato ina hatari

Kuna wale wanaoamua kukata kabisa vifaa vya moshi na kuweka programu ya mtaani. Sheria ya Marekani inakataza, na wafanyabiashara wengi wa vifaa hivyo wamepigwa faini. Lakini desturi hiyo ilienea. Mwaka 2020, wachunguzi wa ofisi ya mazingira walikadiria kwamba katika miaka kumi hivi, pikapu zaidi ya 500,000 za mazutu zilikatwa vifaa hivyo. Uchafu wao, walisema, ulikuwa sawa na kuongeza pikapu milioni 9 barabarani. Na gari lililokatwa likiharibika injini, mwenyewe anaweza kukataliwa garanti.

Cummins yenyewe ina deni la kutimiza: mapatano yanataka angalau magari 85 kwa 100 yawe yamerekebishwa ndani ya miaka mitatu. Pia inapaswa kugharimia injini mpya 27 za treni mahali pa zile za zamani zenye kuchafua sana, ili kufidia uchafu uliokwisha kutoka. Lakini asilimia hiyo haifikiwi kwa barua peke yake. Inafikiwa pale mfugaji mmoja anapokubali kupoteza saa kadhaa za kazi kwa kosa ambalo si lake.

Kwa Mkongomani mwenye ndugu anayeendesha gari la namna hiyo huko Marekani, shauri ni jepesi. Achukue namba ya shasi, aulize muuzaji wa Ram kama gari lake linahusika. Mbele ya kuliacha, aombe kwa maandishi ni vifaa gani vinafunikwa na garanti mpya, na kwa muda gani. Kisha kazi, achukue karatasi inayoonyesha kwamba imefanyika, na aichunge vizuri. Siku atakapotaka kuuza gari, mnunuzi ataiulizia.