Unasomea Kuchora? Jibu Refu Kutoka Chuoni na Marshalltown

Kila Septemba chama chetu kikikaribisha wageni, watu hujitambulisha kwa zamu: jina, nchi, unasomea nini. Uchumi, kompyuta, uuguzi, uhandisi. Ikifika zamu yangu nasema sanaa ya studio, na lazima mtu aulize, "Yaani kuchora?" Mwaka jana dada mmoja wa Eldoret akaongeza, "Na wazazi wanajua?" Ukumbi ukacheka, nami nikacheka, maana swali ni la haki kabisa. Mhariri kaniomba niandike jibu, basi hili hapa.

Wazazi wanajua. Mama alijua kwanza, baba akajua baada ya mwaka mzima. Sikumdanganya, ni mfumo wa chuo ndio ulionisitiri. Kama mnavyofahamu, mimi ni mwanachama wenu wa kuazima, natoka chuo kidogo cha jirani chenye wanafunzi wasiofika elfu mbili. Vyuo vya aina hii hapa Marekani havikulazimishi kuchagua fani mpaka mwisho wa mwaka wa pili. Unasoma huku na huku: historia kidogo, hesabu, lugha. Nilikuja na jina la baiolojia, na kwa mwaka wa kwanza nilikuwa kweli ninasoma baiolojia. Kuchora nilikuchukua kama somo la kujaza ratiba. Kumbe ndilo lililonijaza mimi.

Sasa msichanganye na shule ya sanaa yenyewe. Katika shule ya sanaa, karibu theluthi mbili ya masomo yako ni kazi ya mikono. Kwetu ni theluthi moja hivi: kati ya masomo thelathini na mawili ya miaka minne, ya fani ni kama kumi au kumi na mbili. Mengine utaandika insha kama kila mtu. Faida yake ni kwamba unaweza kushika fani mbili. Njideka Akunyili Crosby, Mnigeria ambaye picha zake leo zinauzwa kwa mamilioni ya dola, alimaliza Swarthmore mwaka 2004 akiwa na baiolojia na sanaa ya studio pamoja, na alikuwa anaelekea udaktari. Mfano huo niliutumia sana kwa baba. Haukumgusa. Kilichomgusa ni Sam Ntiro. Nilimwambia, "Baba, balozi wa Tanganyika kule London baada ya uhuru alikuwa mchoraji, Mchaga, kasomea Makerere na kisha Slade." Akanyamaza kwenye simu, halafu akauliza, "Balozi kamili?"

Darasa la studio si kama mnavyodhani, kukaa na kuchora maua. Linakaa mara mbili kwa wiki, karibu saa tatu kila mara, na nje ya darasa unategemewa ufanye mara mbili ya hapo. Studio iko wazi usiku. Vifaa ni vyako: karatasi nzuri, mkaa wa kuchorea, wino, brashi. Wanaopata msaada wa ada waulize mapema kama idara ina mfuko wa vifaa, maana mara nyingi upo ila hautangazwi. Muhula wa kwanza mimi sikuuliza, nikawa nabeba boksi kwenye bohari Jumamosi na Jumapili ili ninunue karatasi.

Kuna jambo ambalo watu wa pwani huniuliza pembeni. Ndiyo, kuna darasa la kuchora mwili, na mtu huketi mbele yenu bila nguo. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimelelewa madrasa. Siku ya kwanza nilichora kiti. Saa tatu nzima, kiti tu, mpaka misumari yake. Mwalimu alikiangalia akasema ni kiti kizuri, kisha akaniita ofisini tukaongea kistaarabu. Muhula ule nilichora mifupa ya maabara ya baiolojia na watu waliovaa. Wengine wameamua vingine na sijamhukumu mtu. Ninachosema ni kwamba ukieleza mapema utasikilizwa, ukikimbia darasa utafeli.

Halafu kuna kikao cha kukosoana. Unabandika kazi ukutani, wenzako kumi na mbili wanakaa nusu duara, na wewe hutakiwi kujitetea. Wanasema wanachokiona. Sisi tuliozoea kuwa kukosolewa mbele za watu ni kuaibishwa, jamani, ule muhula wa kwanza ni mtihani. Wenzetu wanaanza na sifa, wanamaliza na kisu. Nilidhani nimeshakizoea, mpaka nilipofika Johannesburg.

Baada ya mwaka wa tatu chuo kilinipa fedha kidogo za likizo niende kutafuta mada ya maonyesho ya mwisho. Kila mwanafunzi wa fani hii lazima aonyeshe kazi yake ndipo ahitimu. Ndiyo tasnifu yetu. Mjomba wangu yuko Sauzi miaka mingi, nikaenda kwake wiki sita. Kila asubuhi nilishuka Gandhi Square, kituo kikubwa cha mabasi, nikaingia Marshalltown kwa miguu na ubao wangu wa kuchorea.

Marshalltown ni mtaa wa pesa za dhahabu. Makampuni ya migodi yalijenga makao yao pale, mawe mazito na milango ya shaba. Ukielekea magharibi kwa Mtaa wa Fox unafika Chancellor House, ambako Mandela na Tambo walifungua ofisi yao ya uwakili mwaka 1952. Mbele yake kuna sanamu ya chuma ya Mandela akipiga ngumi, ya Marco Cianfanelli, iliyosimamishwa mwaka 2013 kutokana na picha ya Bob Gosani. Na mtaa wa pembeni unaitwa Gerard Sekoto. Nilisimama chini ya kibao kile kwa muda. Sekoto alikuwa mchoraji. Mwaka 1940 jumba la sanaa la Johannesburg lilinunua picha yake ya nyumba za Sophiatown, ya kwanza kununuliwa kwa mchoraji Mwafrika, na inasimuliwa kuwa ili aione ukutani ilibidi ajifanye mfagiaji. Mwaka 1947 akaenda Paris, akaishi kwa kupiga piano kwenye vilabu. Nyie mnaobeba boksi mnamwelewa.

Shule hakuwa nayo ya kuingia. Mwafrika wa wakati ule hakuwa na chuo cha sanaa pale mjini. Kituo cha Polly Street kilianza 1949 kama mahali pa elimu ya watu wazima, na Cecil Skotnes alipokuja 1952 kikageuka kuwa studio ya kweli. Sydney Kumalo alitoka mle, na Ephraim Ngatane. Hawakupewa shahada. Niliona haya kidogo nilipokumbuka nilivyolalamikia bei ya karatasi.

Lakini jengo nililolichora zaidi liko Mtaa wa Albert, namba 80. Zamani lilikuwa ofisi ya pasi: Mwafrika alisimama foleni pale apigiwe muhuri wa kumruhusu kukaa mjini. Baadaye likawa makazi ya akina mama waliokimbia vipigo, kisha likaachwa, na watu wasio na pa kwenda wakaingia, wenyeji na wahamiaji wa Malawi, Zimbabwe, Msumbiji, na Watanzania. Usiku wa kuamkia Agosti 31, 2023 liliungua. Walikufa watu 76, watoto wakiwemo.

Nilichora kuta zilizopigwa na moshi, na mkaa, bwana, unapenda moshi. Zilitoka nzuri sana. Siku moja niliingia kwa kinyozi mmoja wa kwetu, mtu wa Muheza, nikaweka ubao kando. Akauliza, "Kijana, ruksa nitazame?" Akafungua karatasi moja moja, mashine ya kunyolea ingali mkononi. Kuna mtu wake aliyekuwa akiishi mle. Akasema, "Umelichora kama gofu la Wajerumani. Hapa dirisha la tatu kulikuwa na kamba ya nguo. Hapa wamegawa chumba kwa mabati. Wewe umechora jengo ambalo hajakaa mtu." Kisha akaninyoa, na pesa akakataa.

Nilirudi chuoni na michoro kumi na minne. Kwenye kikao walisifu mkaa wangu. Mimi nilitoa michoro tisa ukutani mwenyewe, nikaanza upya kutokana na maelezo niliyoandika pale kwenye kiti cha kinyozi: kamba, sufuria, baiskeli juu ya ngazi. Mwalimu aliniuliza mbona natupa kazi bora. Nikamweleza, akanyamaza, akaniongezea wiki mbili.

Sasa la mkate, maana najua mnalisubiri. Kwa sheria nilizozikuta mimi, mwenye viza ya mwanafunzi hupata mwaka mmoja wa kufanya kazi baada ya kuhitimu, tena kazi inayohusiana na fani. Wa kompyuta na uhandisi huongezewa miaka miwili, sisi hatuongezewi. Hilo lijue kabla hujachagua, si baada. Wenzangu waliotangulia wako kwenye makumbusho, uchapaji, usanifu wa majarida, ualimu. Mmoja karudi Kampala, anafundisha na ana studio nyuma ya nyumba ya mama yake. Mmoja anaendesha malori. Na kwa kujiunga na shahada ya pili, kinachotazamwa kwanza ni kazi zako, kiasi cha picha ishirini, kuliko alama. Wangechi Mutu wa Nairobi alipita Cooper Union, kisha akamaliza shahada ya pili Yale mwaka 2000.

Maonyesho yangu yalifunguliwa Aprili. Baba aliyaona kwa simu, akauliza maswali mawili, yote kuhusu bei. Kinyozi nilimtumia picha za ukuta mzima. Alikaa siku tatu bila kujibu, kisha ikaja sauti fupi, mashine ikivuma nyuma: "Nimeziona, ahsante. Lakini ile kamba ya dirisha la tatu, weka na nguo za mtoto."

Nimeziweka.