Hesabu ya Mali ya Umma



Kila asubuhi kambini majina huitwa, na mlinzi anayepokea zamu huhesabu silaha kabla ya kutia sahihi daftarini. Hakuna anayedhani ametukanwa kwa kuhesabiwa. Ukaguzi wa mali ya umma nao ni huo huo: kulinganisha kilichoandikwa na kilichopo.

Hapa Burundi kazi hiyo imekabidhiwa Mahakama ya Hesabu, iliyoanzishwa kwa sheria ya tarehe 31 Machi 2004 na kutajwa katika Katiba ya mwaka 2005, kisha katika ile ya 2018. Mahakama hiyo huchunguza hesabu za idara za umma na kulisaidia Bunge kufuatilia matumizi ya bajeti. Kanuni ya msingi ni kwamba anayeamuru malipo siye anayetoa fedha. Mmoja huidhinisha, mwingine huhakikisha hati kabla ya kulipa, kisha mkaguzi, asiyepokea amri kwa yeyote kati yao, huwapitia wote wawili.

Haja ya kazi hiyo imeonekana. Ilipouzwa ndege ya Rais aina ya Falcon 50 mwaka 2006, bei yake ilizua maswali hata kwa wahisani, nao wakataka mauzo hayo yakaguliwe. Jirani zetu wa Tanzania, walipohakiki orodha za mishahara mwaka 2016, waligundua watumishi hewa zaidi ya 10,000, yaani majina yanayolipwa yasiyo na watu.

Jambo hili lamgusa askari mwenyewe. Jina hewa hula fungu ambalo lingemnunulia aliye hai viatu na dawa. Petroli iliyoandikwa bila kutiwa garini huikwamisha doria njiani, na raia aliyeomba msaada akaungoja bure.

Basi mkaguzi afikapo, afunguliwe ghala na apewe daftari. Lakini tuelewe pia kwamba ripoti peke yake haimtii mtu mbaroni wala hairudishi faranga moja. Hapo ndipo unapoanza wajibu wa Bunge, wa waendesha mashtaka na wa polisi. Ripoti ikiachwa kabatini, kazi yote imepotea.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kuwa daftari nalo lahitaji msomaji asiyeogopa.