Je, kipimo cha nguvu za mguu wako chaaminika?

TUSEME wewe ni mchuuzi wa viazi jijini Nakuru. Mwaka jana kano ya kisigino ilikatika ukishuka kwenye lori. Baada ya miezi ya matibabu, mtaalamu wa tiba ya viungo anakuambia usukume kifaa kidogo kwa unyayo. Kinaonyesha kilo 30. Mwezi unaofuata, kilo 33. Unaambiwa umepata nafuu, urudi kubeba magunia.

Lakini je, ni mguu ulioongeza nguvu, au ni kifaa kilichobadilika?

Swali hilo si la kupuuzwa. Misuli ya shavu la mguu ndiyo inayousukuma mwili kila unapopiga hatua, na pia husaidia kurudisha damu moyoni. Anayerudi kazini mapema mno huenda akaumia upya.

Kutazama kwa macho hakutoshi. Wakimbiaji wengi mashuhuri wa Bonde la Ufa wana mashavu ya miguu membamba, lakini huwashinda wenye miguu minene.

Mfano wa mizani

Mizani inayopunja nusu kilo kila mara haisemi kweli, lakini angalau haibadiliki. Ile inayosema kilo 2 sasa na kilo 3 baadaye kwa mzigo ule ule haifai kabisa.

Kifaa cha kupima misuli nacho hukaguliwa hivyo. Kwanza huwekewa uzani unaojulikana. Kisha mtu mmoja hupimwa siku mbili tofauti, tena na wapimaji wawili. Ikiwa matokeo hupishana kwa kilo 4 hata bila matibabu, basi zile kilo 3 za mchuuzi wetu si ushahidi wa nafuu.

Tatizo kubwa la kifaa cha kushikwa mkononi ni mpimaji mwenyewe. Shavu la mguu lina nguvu kuliko mkono. Mgonjwa akisukuma kwa bidii, mkono husalimu amri, na kinachopimwa ni nguvu za mpimaji. Dawa yake ni kukifunga kifaa kwa mshipi au kukiegemeza ukutani. Goti nalo likae vile vile kila mara, kwa kuwa likikunjwa, sehemu ya misuli hiyo hulegea. Ni vyema kupima mara tatu na kuchukua wastani.

Jipime nyumbani

Kuna njia isiyohitaji mashine. Simama kwa mguu mmoja, goti likiwa limenyooka, vidole vya mkono vikigusa ukuta. Inua kisigino juu kabisa, ushushe, na uhesabu. Koma goti linapokunjika au kisigino kinaposhindwa kufika juu. Mwaka 1995, watafiti wa Marekani Lunsford na Perry waliwapima watu wazima 203 wenye afya, wakapendekeza mara 25 kuwa kiwango cha kawaida. Wazee huenda wasifike hapo. La muhimu ni kulinganisha mguu mmoja na mwingine.

Tahadhari: ikiwa umefanyiwa upasuaji au unatibiwa kano, usijaribu bila idhini ya daktari. Shavu la mguu likivimba na kuuma ghafla, nenda hospitali mara moja. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa.

Na ukipimwa kwa kifaa, usione haya kuuliza: kilikaguliwa lini, na je, nitapimwa na mtu yule yule, kwa mkao ule ule?